Mbwa wa shemeji anaamka saa tisa usiku, anakodolea macho kabati la gari-nyumba. Anaona nini?

#1 Mtambwe_Kusini
Assalaam alaykum wanabaraza. Nina jambo linanikereketa tangu nirudi Wete.

Mwisho wa Desemba nilikuwa Scotland kwa dada yangu mkubwa, kaolewa huko. Shemeji ana gari-nyumba, gari ndefu yenye kitanda, jiko, choo na hita humo humo ndani. Ana na mbwa wa miaka 11, jina lake Angus, ile jamii nyeusi na nyeupe ya kuchungia kondoo. Wakanichukua safari ya siku sita: Perth, Glenshee, Braemar, Tomintoul, mpaka karibu na Aviemore. Ukipiga hesabu haifiki kilomita 200. Shemeji hana haraka na dunia. Akiona mti umebeba theluji anasimama, anateleka chai, mbwa anateremka kunusa, saa nzima imekwenda.

Sasa kisa chenyewe. Usiku wa kwanza, saa tisa kasorobo, nasikia kucha zinagonga sakafu. Nikafungua jicho moja. Angus kasimama katikati ya gari, shingo kainyoosha, anatazama kabati la chini lililo ubavuni mwa benchi niliyolalia. Habweki. Kasimama hivyo dakika nne, tano, kisha akalalama kama mtoto aliyenyimwa ziwa, akazunguka mara mbili, akalala.

Usiku wa pili vile vile, saa ile ile. Wa tatu, wa nne, na wa sita. Usiku wa tano tu ndio kalala fofofo mpaka asubuhi, na usiku huo tulikuwa kambini, gari imechomekwa umeme.

Nimemuuliza shemeji. Kanijibu, "Ni mbwa." Basi, jibu lake ndilo hilo. Mie halijanitosha.

#2 KarafuuKavu
Wa alaykum salaam. Kwanza, mtu wa Mtambwe unaiacha kaskazi yote hii na bahari imetulia unakwenda kulala kwenye barafu na mbwa? Pili, siku sita kilomita 200? Pemba nzima kusini hadi kaskazini haifiki 70. Kwa mwendo wa shemeji yako, Mkoani hadi Konde ni siku mbili, na kulala Chake.

#3 BintiMkunazini
Hilo halihitaji uzi. Popobawa kapata viza 😂

#4 Kijana_wa_Konde
Msicheke. Saa tisa usiku ni saa yao. Na usiku wa tano kambini kulikuwa na taa na watu wengi, ndiyo maana hakuona kitu. Mie kwetu Makangale nimeona mbwa wanafanya hivyo hivyo, wanatazama upande mmoja wa msitu wa Ngezi, manyoya yamesimama. Kaka, gari hiyo shemeji kaipata wapi? Mpya au kuukuu?

#5 Ustadh_Jongowe
Iko hadithi ya kwamba tukisikia mbwa wakibweka au punda akilia usiku tujikinge kwa Mwenyezi Mungu, kwani wanaona tusiyoyaona. Lakini tusome kilichosemwa: kubweka. Huyu wa Mtambwe hakubweka. Kwa hiyo hadithi tusiitie mkononi kwa kila mbwa anayetazama kabati.

Mie nina swali jengine. Umeswali wapi siku sita, na mbwa ndani?

#6 Mtambwe_Kusini
@KarafuuKavu bahari ipo tu, haikimbii.

@Kijana_wa_Konde kuukuu. Kaipata kwa mzee mmoja aliyefariki, yaani mkewe ndiye aliyeiuza. Najua utasema nini.

@Ustadh Maalim, hapo ndipo nilipopata taabu. Dada kaweka mkeka nyuma kabisa, kwenye kitanda chao, na pazia. Mbwa harusiwi kupita pale. Akinigusa naye mkavu, sina shida. Ila huyu anatoka kwenye theluji kalowa chapachapa, anajikung'uta mlangoni, matone yanafika mpaka kwenye suruali. Dada kazoea, ana kopo la maziwa ya unga limejaa udongo wa bustani, kaliweka chini ya sinki. Nje huko udongo utauchimbaje, umeganda kama tofali. Mara ya kwanza nilipomwona anaosha bakuli mara saba nimeona haya, nikajua mie ndiye nimelegea.

Na nyakati zenyewe! Jua linatoka karibu saa tatu asubuhi, linazama saa tisa na nusu mchana. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana kama watu wa foleni ya boti.

#7 Ustadh_Jongowe
Mwambie dada yako Mungu amzidishie. Wa madhehebu ya Imam Malik hawana tabu hiyo, kwao mbwa mwenyewe ni twahara. Sisi Mashafii ni saba, moja kwa udongo.

#8 Msasi_Makunduchi
Nimekua na mbwa wa usasi tangu nina miaka tisa. Jini baadaye. Nambie mkia. Ulikuwa juu, sawa na mgongo, au kaufyata? Na masikio?

Mbwa aliyesikia mnyama mdogo anainamisha kichwa, anakipindua hivi na hivi. Mbwa anayeogopa anaufyata. Mbwa anayetaka kutoka anatazama mlango, hatazami kabati. Bila ya mkia hapa tunapiga ramli.

#9 Mtambwe_Kusini
Mkia sikuutazama, kaka. Kulikuwa na kataa kadogo kekundu ka hita tu. Masikio yalikuwa mbele.

#10 Msasi_Makunduchi
Masikio mbele ni kusikia. Kuna panya. Baridi ikizidi panya wa mashamba wanaingia popote penye joto, na gari yenye hita ni kasri. Na kabati lile shemeji yako anaweka chakula cha mbwa, si ndiyo?

#11 Mtambwe_Kusini
Hapana, chakula kinakaa mbele. Kabati lile lina boila ya maji na mabomba.

#12 FundiBaridi_Darajani
Ahaa. Hapo umenileta nyumbani, mie kazi yangu mafriji na viyoyozi.

Boila za gari hizi zina valvu ya usalama. Joto la pale ilipo likishuka mpaka karibu nyuzi tatu, inafunguka yenyewe inamwaga maji chini ya gari, yasije yakagandia ndani yakapasua boila. Kwa kawaida lita kumi hivi. Ikifunguka inapiga "tak", halafu shiiii. Wewe umelala hujasikia, mbwa kasikia. Na saa tisa usiku ndipo hita ikishapunguzwa na baridi imeingia mpaka kwenye kabati. Usiku wa tano mlikuwa na umeme wa kambini, hita imewaka usiku kucha, kabati halikupoa. Imekwisha.

Nambie: asubuhi hamkukuta maji yamekwisha?

#13 Mtambwe_Kusini
Fundi!! Asubuhi ya siku ya tatu tangi lilikuwa kavu. Na nani aliyelaumiwa? MIE. Shemeji hakusema neno ila kachukua lile bakuli langu la kutawadhia akalitazama, akalirudisha. Dada akaniambia kwa Kiswahili, "Punguza, hapa si Wete." Nimetawadhia vikombe viwili siku tatu zilizobaki, mwanangu. Kumbe valvu!

#14 BintiMkunazini
Umebebeshwa kesi ya boila 😂😂

#15 Msasi_Makunduchi
Fundi, nakuheshimu, lakini maji yalikwisha asubuhi moja tu. Mbwa kaamka mara tano. Hizo nne nyengine kasikia nini?

#16 FundiBaridi_Darajani
Siku zile nyengine huenda pampu ya maji ilizimwa, ikatoka lita kumi za boila peke yake. Ikiachwa imewashwa ndipo inasukuma mpaka tangi linakauka.

#17 Mtambwe_Kusini
Ila asubuhi nyengine tumeoga maji ya moto kama kawaida. Japo shemeji huamka kabla yangu, huenda kaiziba na kuijaza upya bila ya kusema. Yule hasemi.

#18 KarafuuKavu
Mie nasikia huko gesi inaganda kwenye mtungi. Labda hita ilikuwa inazimika na kujiwasha, tik tik tik, na mbwa kachoka.

#19 FundiBaridi_Darajani
Gesi haigandi, hilo turekebishe. Inakataa kuwa mvuke. Mtungini imo hali ya maji, ukifungua inachemka na kutoka. Butani inaacha kuchemka karibu na nyuzi sifuri, nusu nyuzi chini yake hivi. Propani inaendelea mpaka 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo ukibeba butani kwenye theluji, mtungi umejaa, ukiutikisa unausikia, na jiko haliwaki. Shemeji mtu wa kule lazima ana propani. Lakini la kujiwasha tik tik limo. Hita ya gesi inawashwa kwa cheche, na kila cheche ina mlio.

#20 DaktariWaMifugo_Chake
Salaam. Nitasema kama mtu wa mifugo. Mtu anasikia mpaka mitetemo 20,000 kwa sekunde, tena kijana. Mbwa anafika 45,000 na zaidi. Kwa hiyo kifaa chochote cha umeme, feni ya hita, kigeuza umeme, betri inayopungua chaji, kinaweza kuwa kinapiga kelele kubwa kwake na kwako ni kimya. Betri kwenye baridi inapungua nguvu, na saa tisa usiku feni imeshafanya kazi kwa muda wa saa nane. Kambini iko kwenye chaji, kimya.

Ila mimi shaka yangu kubwa ni umri. Miaka 11 kwa mbwa wa aina hiyo ni uzee. Mbwa wazee hupata maradhi ya akili kama wazee wetu: usiku wanaamka, wanasimama wanatazama ukuta au pembe, wanalalama, wanasahau walichoamkia. Mchana wako sawa.

#21 Mzee_Kengeja
Daktari umenisema mie 😀 Mie pia saa tisa naamka, nasimama katikati ya chumba, nasahau. Mke wangu hajafungua uzi.

#22 BiHarusi_Vitongoji
Samahani, nyote mnacheka, na hewa chafu? Gesi ikiungua vibaya inatoa ile hewa isiyo na harufu, watu wanalala hawaamki. Mbwa asije akawa alikuwa anakuamsheni.

#23 Mtambwe_Kusini
@BiHarusi ahsante. Kipo king'ora chake juu ya mlango, shemeji anakibonyeza kila jioni kinalia. Na hita inatoa moshi nje kwa bomba. Dada alitaka kuingiza jiko dogo la mkaa achome mishikaki, ndipo mara moja tu nimemwona shemeji kapandisha sauti.

#24 DaktariWaMifugo_Chake
Yuko sawa, mkaa ndani ya gari ni kaburi. Na mbwa hainusi hewa hiyo, anaanguka kama wewe.

#25 FundiBaridi_Darajani
Nimelala nimeamka na jawabu jengine. Madirisha yalikuwa yanatoka jasho?

#26 Mtambwe_Kusini
Jasho? Mito! Shemeji anaweka mablanketi ya rangi ya fedha kwenye kioo cha mbele kwa nje, na bado asubuhi tunakamua vitambaa. Juu kuna kidirisha cha dari, pembeni mwake matone yamepangana kama ushanga.

#27 FundiBaridi_Darajani
Basi. Watu watatu na mbwa aliyelowa wanapumua ndani ya sanduku. Tena wewe mtu wa chai ya maziwa, umeteleka mara ngapi kwa siku? Kila kilo ya gesi inayoungua kwenye jiko la wazi inazaa maji kilo moja na nusu na zaidi. Mvuke unapanda, unakutana na dari baridi, unageuka tone. Saa tisa tone linamdondokea mbwa puani, anaamka anatafuta mwizi. Kambini hita imewaka usiku kucha, dari kavu. Hivyo tu.

#28 Msasi_Makunduchi
Fundi, chagua moja. Valvu au tone?

#29 FundiBaridi_Darajani
Vyote viwili vinawezekana. Nyumba hiyo ina kila ugonjwa.

#30 Kijana_wa_Konde
Hakuna anayegusa lile la mzee aliyefariki.

#31 Ngalawa_Nungwi
Nimekaa kule miaka minne nafanya kazi ya hoteli, Inverness. Mnasahau nje. Malori yanamwaga chumvi barabarani barafu isishike (na yana majina, watu wanayapa majina kama ng'ombe), na paa wakubwa wa kule wanateremka usiku kuilamba. Ukilala kando ya barabara unawasikia kwato ukiwa na bahati. Mbwa anawasikia hata huna bahati. Kambini hawaingii. Kabati liko upande wa barabara?

Pili, mbwa anakanyaga chumvi ile, inamchoma baina ya vidole, na theluji inamshika kwenye manyoya kama vidonge vya ubuyu. Usiku miguu inamuwasha. Mnamuosha miguu?

Tatu, usiku wa sita mlilala wapi? Kama kando ya ziwa, barafu ya ziwa inalia. Inapiga kama mtu anagonga bati kwa mbali, halafu inavuma. Mie mara ya kwanza nimesoma Ayatul Kursiyy.

#32 Mtambwe_Kusini
@Ngalawa_Nungwi ndiyo, usiku wa sita tulikuwa karibu na ziwa, na nimesikia kitu kama bati. Nikadhani lori. Miguu wanamuosha, dada ana beseni na taulo lake. Kabati lilikuwa upande wa barabara usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu tulisimama kwenye geti la theluji, barabara ya Tomintoul imefungwa, wanashusha chuma kama geti la reli, ukifika unageuza au unangoja. Tukangoja. Hapo hakuna barabara upande wowote, ni weupe tu. Nimefungua mlango nikanawe uso, pua zikashikana. Angus kateremka, kazama mpaka kifuani, akanitazama kama anayeniuliza nimeleta nini hapa.

#33 KarafuuKavu
Kwa nini msilale Braemar mkangoja mjini?

#34 Mtambwe_Kusini
Tumeshalala huko usiku wa pili. Shemeji kanambia hapo ndipo pamepimwa nyuzi 27 chini ya sifuri, 1895 na tena 1982, hakuna palipopimwa baridi kupita hiyo Uingereza nzima. Kasema kwa fahari, kama mtu wa Makunduchi na mwaka kogwa wake.

#35 Msasi_Makunduchi
Mwaka kogwa uwache. Hatulali kwenye barafu.

#36 BintiMkunazini
Mie kipupwe cha Julai natia soksi na shuka mbili. Swali la maana: watu wanaruhusiwa kulala barabarani hivyo?

#37 KarafuuKavu
Scotland sheria inaruhusu kulala popote.

#38 Ngalawa_Nungwi
Si hivyo. Sheria ya 2003 inampa haki mwenye miguu, baiskeli, hema. Gari ya injini haimo. Unalala pale mwenye ardhi anapovumilia, na asubuhi hakuna taka uliyoiacha. Watu wengi wa kule wenyewe hawajui.

#39 Mzee_Kengeja
Hapa ukilala na gari kando ya barabara saa nne usiku sheha keshafika na tochi. Saa tano umeletewa wali. Saa sita unaulizwa wewe mwana wa nani.

#40 KarafuuKavu
😂 Na ukisema una mbwa ndani, wali unarudi.

#41 Msasi_Makunduchi
Kwetu haurudi.

#42 BiHarusi_Vitongoji
Nimesoma uzi wote. Hivi Mtambwe, wewe kwenu huwa unaamka kusali usiku?

#43 Mtambwe_Kusini
Naam, nikijaaliwa. Kule nilikuwa naamka saa kumi na moja, usiku ni mrefu.

#44 BiHarusi_Vitongoji
Na unakoroma?

#45 Mtambwe_Kusini
Hilo linahusu nini.

#46 BiHarusi_Vitongoji
Benchi uliyolalia ilikuwa ya nani kabla hujafika?

#47 Mtambwe_Kusini
…Ya Angus.

#48 BintiMkunazini
Yesu na Maria 😂😂 Mtu kapora kitanda cha mzee, anauliza mzee anatazama nini!

#49 Ustadh_Jongowe
Astaghfirullah, Binti.

#50 BintiMkunazini
Samahani Maalim, shoga zangu wa Mkunazini wamenizoeza.

#51 DaktariWaMifugo_Chake
Bi Harusi ana hoja, lakini usiku wa tano alilala benchi ile ile na mbwa hakuamka. Au kambini ulilala pengine?

#52 Mtambwe_Kusini
Pale pale. Ila kambini nilikuwa na mafua, nimekunywa dawa. Sijui kama nilikoroma.

Nimemwandikia dada jana. Nimemwomba atazame, kwa kuwa gari sasa imeegeshwa uani na Angus kaingizwa ndani, analala jikoni. Nangoja.

#53 Mtambwe_Kusini
Dada kajibu. Jana usiku kaamka, saa tisa na dakika tano. Kateremka kunywa maji akamkuta jikoni kasimama, anatazama mlango wa friji. Dakika kama nne. Kalalama, kazunguka mara mbili, kalala.

#54 FundiBaridi_Darajani
Friji! Mota inawaka. Nilisema vifaa vina mlio.

#55 DaktariWaMifugo_Chake
Umri. Nilisema.

#56 Kijana_wa_Konde
Kamfuata ndani.

#57 BiHarusi_Vitongoji
Anangoja benchi yake.

#58 Msasi_Makunduchi
Na mkia?

#59 Mtambwe_Kusini
Nimeuliza hilo la kwanza kabisa. Anasema kulikuwa kiza.

#60 Msasi_Makunduchi
Mwambieni awashe taa.